Udongo Umechoka: Kutafuta Chanzo kwa Dalili, Shamba la Kilimo Hai na la Mbolea za Viwandani

Mtu akiniita nimwangalizie shamba, neno lake la kwanza huwa ni jina la kilimo chake. "Mimi nalima kilimo hai, nashangaa ardhi inazidi kuwa ngumu." Au kinyume chake: "Nimetumia mbolea za viwandani miaka mingi, nadhani nimeshaua udongo." Jina hilo huwa naliweka kando kwanza. Nimeshachimba mashimo kwenye mashamba ya kilimo hai nisione nyungunyungu hata mmoja, na nimeshachimba kwenye mashamba ya mbolea za viwandani udongo ukanukia kama wa msituni. Bakteria hana habari na cheti cha mkulima. Yanayomgusa ni manne: amepata chakula au hakupata, makao yake yamevurugwa mara ngapi, ardhi imefunikwa au iko uchi juani, na kama kuna sumu, chumvi au tindikali iliyozidi.

Sisemi kwamba aina zote za kilimo ni sawa. Huko Therwil, karibu na mji wa Basel nchini Uswisi, kuna jaribio lililoanza mwaka 1978 linalolinganisha kilimo hai na cha kawaida, yaani cha mbolea na dawa za viwandani, bega kwa bega, kwenye udongo uleule. Matokeo ya miaka 21 yalichapishwa mwaka 2002. Kwenye vipande vya kilimo hai, urefu wa mizizi uliokaliwa na kuvu wa mikoraiza, wale wanaoishi na mizizi na kuisaidia kupata virutubisho, ulizidi kwa asilimia 40, na uzito wa nyungunyungu ulikuwa mara 1.3 hadi 3.2 ya ule wa kilimo cha kawaida. Mavuno yalikuwa pungufu kwa asilimia 20, lakini virutubisho vilivyotiwa navyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 34 hadi 53. Ndani ya jaribio hilohilo kulikuwa na aina mbili za kilimo cha kawaida: moja ilipewa samadi pamoja na mbolea ya viwandani, nyingine mbolea ya viwandani peke yake. Ile iliyopata samadi, kwa ujumla, ilisogea karibu zaidi na kilimo hai. Ndiyo maana nauliza umefanya nini shambani, siulizi unajiitaje.

Kwanza, chimba

Tafuta beleshi, gunia, glasi mbili za maji, rula, na kipande cha bomba chenye kipenyo cha sentimita 15 kilicho wazi pande zote mbili. Ngoja siku ambayo udongo una unyevu wa wastani: ukiufinya unashikana, lakini maji hayatoki. Chimba mashimo matatu ndani ya shamba na la nne mpakani, mahali ambapo jembe halijawahi kupita. Hilo la nne ndilo watu hulisahau, nalo ndilo la maana kuliko yote, kwa sababu linakuonyesha udongo wako wewe ungekuwaje kama ungeachwa utulie. Kulinganisha ardhi ya kichanga na picha ya udongo mweusi wa mtu mwingine ni kujitafutia unyonge bure.

Kila shimo, toa bonge la sentimita 30 kwa 30 kwa 30, liweke juu ya gunia na ulipasue polepole kwa mikono. Hesabu nyungunyungu. Nusa. Fuata mizizi uone imeishia wapi na imepinda wapi. Udongo wenye afya hupasuka ukawa chembechembe za mviringo, zenye matundu. Ukipasuka vipande bapa kama vigae, au mabonge yenye kona kali, umeshindiliwa. Andika unachokiona hapohapo. Kesho hutakumbuka shimo lipi lilikuwa lipi.

Dalili: nyungunyungu hawapo, au wamebaki wawili watatu

Kipimo cha mkono ni hiki: kwenye bonge la ukubwa huo, nyungunyungu kumi au zaidi ni dalili nzuri. Lakini usikimbilie kulia. Swali la kwanza ni majira. Ardhi ikikauka au ikipata joto kali, nyungunyungu hushuka chini kabisa, hujiviringa na kulala mpaka unyevu urudi. Na kwenye nchi kame au udongo wa kichanga kitupu, kazi yao ya kutoboa ardhi hufanywa zaidi na mchwa na sisimizi. Shimo la mpakani nalo likiwa halina kitu, huenda shamba halina kosa.

Mpakani wakiwa wengi na shambani hawapo, angalia kwanza jembe. Hapa ndipo wakulima wa kilimo hai huninunia. Asiyetumia dawa ya magugu lazima apalilie, na wengi hupalilia kwa kuigeuza ardhi: mara moja kabla ya kupanda, mara mbili baada ya kuota, tena baada ya kuvuna. Kila mgeuzo hukata baadhi ya nyungunyungu, huwaanika wengine kwa ndege, na hubomoa mashimo ya wale wakubwa wanaoishi kwenye njia za wima na kupanda usiku kuvuta majani. Hao wakubwa ndio huumia zaidi, maana njia moja huitumia muda mrefu na huzaliana taratibu. Shamba la kawaida lisilolimwa kabisa, linalopandwa juu ya mabaki ya mavuno, linaweza kuwa na nyungunyungu wengi kuliko shamba la kilimo hai linalogeuzwa kila msimu, hata kama magugu yake huuawa kwa dawa. Si habari tamu, lakini beleshi ndilo linalosema.

Kama hulimi sana, uliza chakula. Mabua yanachomwa? Yanapelekwa kwa mifugo na samadi hairudi? Hapo mbolea ya viwandani na kilimo hai huangukia shimo moja. Mmea hushiba kwa chumvi za dukani, ila nyungunyungu hali urea.

Chanzo cha tatu ni tindikali. Huko Rothamsted, Uingereza, kuna uwanja wa majani ya malisho uitwao Park Grass ambao umekuwa chini ya jaribio tangu mwaka 1856. Vipande vilivyopewa amonia salfeti mwaka baada ya mwaka bila chokaa viliteremka mpaka pH chini ya 4 (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi). Nyungunyungu walitoweka, na majani makavu, kwa kukosa wa kuyavuta chini, yakajilundika juu ya ardhi kama mkeka. Vipande vilivyopata naitrojeni kwa njia ya sodiamu naitreti havikufikia hali hiyo. Mbolea zote mbili ni za chumvi, si samadi. Kilichotofautisha ni tindikali. Kwa hiyo ukiona mkeka wa mabaki yasiyooza juu ya udongo ambao hautuamishi maji, pima pH kabla ya jambo lingine lolote.

Cha nne ni sumu, na hapa kila upande una yake. Viuatilifu vya kundi la kabameti, kama kabarili na kabofurani, ni hatari kwa nyungunyungu, na hiyo inajulikana siku nyingi. Kilimo hai kina shaba. Mchanganyiko wa Bordeaux, yaani salfeti ya shaba na chokaa, umepulizwa kwenye mizabibu tangu miaka ya 1880, na bado unaruhusiwa sehemu nyingi. Shaba haiozi. Haina pa kwenda. Hubaki kwenye tabaka la juu, palepale viumbe walipo, na kila mwaka huongezeka. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka, na sababu mojawapo ni mrundikano huo. Kama shamba lako lilikuwa la mizabibu, kahawa au bustani ya matunda iliyopuliziwa shaba miaka mingi, mwambie mtu wa maabara apime shaba. Kipimo cha kawaida cha virutubisho mara nyingi hakiigusi.

Dalili: maji yanatuama, juu kuna gamba, mche unashindwa kutoboa

Hapa kuna magonjwa matatu yanayofanana sura, na dawa ya moja haitibu lingine. Glasi ya maji inayatenganisha.

Chukua mabonge mawili madogo, la shambani na la mpakani, yaanike mpaka yakauke kabisa, halafu yatumbukize kila moja kwenye glasi yake bila kukoroga. Bonge la mpakani kwa kawaida hukaa lilivyo, likitoa viputo vya hewa taratibu. La shambani likibomoka ndani ya dakika chache na kuwa tope chini ya glasi, huku maji ya juu yakibaki safi, udongo umekosa gundi. Gundi hiyo hutengenezwa na viumbe: ute wa bakteria, nyuzi za kuvu zinazofunga chembe kama kamba, na mate ya mizizi yenyewe. Hukosekana kwa njia mbili. Ama hakuna kinachorudishwa ardhini, jambo la kawaida kwa anayetegemea mbolea za viwandani tu na kuacha ardhi uchi baada ya mavuno. Ama kinarudishwa, lakini jembe linakata nyuzi haraka kuliko zinavyofumwa. Kwenye shamba la pili nimeona watu wakiongeza samadi, na kuongeza, na kuongeza, na gamba halitoki. Punguza kugeuza kwanza. Funika ardhi kwa matandazo au zao la kufunika, maana tone la mvua kwenye ardhi uchi ndilo linaloponda chembe na kuziba matundu.

Maji ya kwenye glasi yakibaki na rangi ya maziwa au chai kwa saa nyingi, hilo ni jambo jingine: sodiamu imezidi, na chembe za mfinyanzi zinasukumana badala ya kushikana. Hutokea zaidi penye umwagiliaji wa maji ya chumvi. Mboji peke yake haitoshi hapo. Inatakiwa jasi, ambayo kalsiamu yake huiondoa sodiamu mahali pake, kisha maji mazuri ya kuisukuma chini na njia ya kuyatoa. Ukimwaga jasi kwenye tatizo la kwanza, lile la gundi, umepoteza fedha.

Ugonjwa wa tatu uko chini, hauonekani kwenye glasi. Bonge linashikana vizuri, lakini maji hayateremki. Rudi shimoni, piga kisu kwa mlalo ukutani ukishuka sentimita mbili mbili. Kama kwenye kina cha sentimita 20 au 25 kisu kinagoma, kisha chini yake kinaingia tena kwa urahisi, umepata tabaka gumu la jembe. Mizizi itakuwa imefika hapo ikakunja kona na kwenda pembeni. Chanzo ni kulima kina kilekile miaka yote, au kuingiza trekta wakati ardhi bado mbichi. Mashine yenye uzito wa zaidi ya tani 10 kwenye ekseli moja inaweza kushindilia udongo mbichi chini ya sentimita 40, kina ambacho jembe halifiki, na athari hudumu miaka mingi. Tabaka hili halichagui aina ya kilimo. Lichane mara moja udongo ukiwa mkavu, na msimu huohuo panda kitu chenye mzizi mrefu kiingie kwenye nyufa. Ukilichana bila kupanda, litajifunga tena, na kazi utairudia.

Kwa anayetaka namba: pigilia lile bomba la sentimita 15 ardhini, mwaga mililita 450 za maji taratibu, ambazo ni kina cha takriban sentimita 2.5, na uhesabu dakika mpaka yaishe. Mwaga tena kiasi hichohicho. Andika muda wa mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza udongo mkavu hunywa kwa pupa na kukudanganya.

Dalili: mimea ya njano, ingawa umelisha

Kwa mkulima wa kilimo hai, hasa wa mwaka wa kwanza au wa pili baada ya kuacha mbolea za viwandani, mara nyingi ni njaa ya muda. Naitrojeni ipo shambani, ila imo midomoni mwa bakteria. Viumbe wanaoozesha mabaki hukua vizuri pale penye takriban sehemu 24 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Samadi iliyooza iko karibu na 20 kwa 1, na majani mabichi ya mikunde yako chini ya hapo, kwa hiyo yakioza naitrojeni hubaki kwa mmea. Mabua makavu ya ngano yako karibu na 80 kwa 1. Vumbi la mbao ni mamia kwa 1. Ukifukia vitu hivyo, bakteria wanapata kaboni tele lakini naitrojeni haiwatoshi, basi huichukua iliyomo udongoni, na mmea unabaki kuangalia. Itarudi wao wakifa, baada ya wiki au miezi, ila zao halingoji.

Tiba ni rahisi: mabaki makavu yaache juu kama matandazo badala ya kuyafukia, au yafukie mapema kabla ya kupanda, au yachanganye na kitu kibichi. Kuna pia suala la baridi. Mboji hutoa naitrojeni kwa mwendo wa viumbe, na viumbe hupoa ardhi ikipoa. Mmea unaweza kuwa wa njano mwanzoni mwa msimu na kijani kibichi wiki nne baadaye bila wewe kufanya lolote.

Kwa upande wa mbolea za viwandani, njano licha ya kulisha ina maana kwamba chakula kimetiwa lakini hakikufika. Naitreti, yaani naitrojeni katika umbo ambalo mizizi huinywa, haishikwi na chembe za udongo, kwa kuwa zote mbili zina chaji hasi, hivyo mvua kubwa huishusha chini ya mizizi. Maji yakituama, bakteria wanaokosa hewa hunyang'anya oksijeni iliyo kwenye naitreti na naitrojeni huondoka kama gesi. Au mzizi wenyewe mgonjwa. Ung'oe uuangalie: mifupi, minene, ya kahawia, isiyo na vinyweleo, ni dalili ya alumini, ambayo huanza kuyeyuka na kuunguza mizizi pH ikishuka chini ya takriban 5.5.

Tindikali hiyo ina hesabu yake. Bakteria wanapogeuza amonia kuwa naitreti huacha asidi. Kama kanuni ya mkono, kila kilo ya naitrojeni kutoka urea inahitaji takriban kilo 1.8 za chokaa kuituliza, na kutoka amonia salfeti takriban kilo 5.4. Asiyeweka chokaa anakopa, na deni linaonekana miaka kumi baadaye. Hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wenzangu wa kilimo hai hawalipendi: mbolea ya viwandani haiui viumbe wa udongo kama inavyosimuliwa. Uchambuzi wa majaribio 64 ya muda mrefu, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta uzito wa viumbe wadogo ulikuwa mkubwa kwa wastani wa asilimia 15 penye mbolea hizo kuliko pasipotiwa kitu chochote. Sababu si ngumu: mmea mkubwa una mizizi mingi, na mizizi ndiyo inayowalisha. Pale pH ilipoanguka chini ya 5, mambo yaligeuka. Kwa hiyo linganisha kwa haki: mbolea ya viwandani dhidi ya njaa, au dhidi ya samadi?

Dalili: mikunde haina vinundu

Vinundu ni vivimbe vidogo vya mizizini ambamo bakteria huigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Chimbua mmea wa maharage au mkunde mwingine unaoanza kutoa maua, usiung'oe kwa kuuvuta maana vinundu hukatikia ardhini. Kikate kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kinafanya kazi. Cheupe bado kichanga. Cha kijani au kahawia kimekwisha.

Visipokuwepo kabisa, shuku shibe kwanza. Mmea unaopata naitrojeni ya bure hauoni sababu ya kulisha bakteria, na hilo hutokea kwa urea na kwa samadi nyingi vilevile. Kisha shuku ugeni: kama mkunde huo haujawahi kulimwa hapo, bakteria wake huenda hawapo, na hapa ndipo ninapokubali kununua viumbe kwenye pakiti. (Chupa nyingine za "vijidudu vya udongo" sizipendekezi. Kwa kawaida udongo umekosa chakula na makao, haujakosa mbegu ya viumbe. Ukimwaga wageni kwenye nyumba iliyoungua nao watakufa.) Angalia pia kama mbegu ilipakwa dawa ya kuvu. Zipo dawa zinazowaua bakteria hao palepale kwenye ganda la mbegu, ndani ya saa chache baada ya kuchanganywa.

Mikoraiza haionekani kwa macho, lakini huathirika kwa mambo machache yanayojulikana: fosforasi nyingi, kugeuza ardhi, ardhi kukaa uchi muda mrefu bila mzizi hai, na mazao ya jamii ya kabichi, ambayo hayakai na kuvu hao. Kuhusu fosforasi, mkulima wa kilimo hai asijione salama. Samadi ina fosforasi nyingi ukilinganisha na naitrojeni yake, kwa hiyo anayeipima kwa mahitaji ya naitrojeni hujaza fosforasi kila mwaka bila kujua. Samadi ya kuku ndiyo mbaya zaidi kwa hilo.

Dalili: majani mapya yanajikunja na kujisokota baada ya kutia samadi

Hii ilinipata mwenyewe. Nilinunua samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nyeusi, ya kupendeza. Wiki tatu baadaye nyanya zikaanza kukunja ncha za majani kama ngumi, shina likapinda, na maharage yakatoa majani membamba kama vidole. Nikafikiri ni virusi. Niking'oa mimea, napanda mingine, inakuwa vilevile, ila mahindi ya pembeni kwenye samadi ileile yakistawi bila wasiwasi.

Mahindi ndiyo yaliyonifungulia macho. Zipo dawa za magugu za malisho, aminopiralidi na klopiralidi, zinazoua majani mapana na kuacha jamii ya nyasi. Ng'ombe akila majani yaliyopuliziwa, dawa hupita tumboni mwake karibu nzima, hutoka na samadi, na huvumilia hata biwi la mboji lililopata moto. Kiasi kidogo mno kinatosha kuharibu nyanya, maharage na njegere. Aliyeniuzia alikuwa hajui. Majani alinunua kwa mtu mwingine. Mkulima wa kilimo hai ndiye anayepatwa zaidi, kwa kuwa ndiye anayeingiza samadi na majani kutoka nje.

Tangu siku hiyo sitii samadi ya kununua bila jaribio. Changanya samadi na udongo safi nusu kwa nusu, jaza makopo matatu. Makopo mengine matatu udongo safi mtupu. Panda maharage au njegere. Ngoja majani halisi matatu yatoke. Yakijikunja kwenye makopo ya samadi tu, umepata jibu. Shamba lililokwisha kuathirika, panda nafaka au nyasi, na ugeuze udongo mara kwa mara ili viumbe waivunje dawa. Ndiyo, hapa nakuambia ugeuze. Kila kanuni ina siku yake. Usiyarudishe mabaki ya mimea hiyo kwenye biwi.

Dalili: mizizi ina mafundo

Usichanganye na vinundu vya mikunde. Kinundu kizuri hukaa pembeni mwa mzizi na hubanduka ukikisukuma kwa kidole. Fundo la minyoo fundo, vijiminyoo visivyoonekana kwa macho vinavyoingia mizizini, ni mzizi wenyewe uliovimba. Halibanduki bila kuuvunja. Chanzo kikubwa ni zao lilelile, au jamii ileile, msimu juu ya msimu. Kufukiza udongo kwa dawa huwashusha minyoo haraka, lakini huwaua pia kuvu na wadudu wanaowawinda, na minyoo ikirudi hukuta uwanja mtupu. Badilisha zao, ongeza mboji, na tafuta mbegu zinazohimili. Mwaka mmoja hautoshi.

Dalili: harufu ya yai viza

Hewa haifiki. Ama maji yametuama, ama samadi mbichi imefukiwa chini sana. Udongo wenye afya hunukia kama mvua ya kwanza, na harufu hiyo ni kazi ya bakteria wa kundi la streptomisesi. Fungua njia ya maji, acha kufukia vitu vibichi kwa kina, na unuse tena baada ya mwezi.

Lini upime tena

Rudi kwenye mashimo yaleyale, msimu uleule, unyevu uleule. Mwendo wa maji kwenye bomba na idadi ya nyungunyungu huweza kubadilika ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu. Namba ya maabara ya mboji ya udongo, yaani mabaki ya viumbe na mimea yaliyooza na kubaki ardhini, itakuchelewesha, na sababu ni uzito. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ina udongo wa takriban tani 2,600. Kupandisha mboji yake kutoka asilimia 2 hadi 3 ni kuongeza tani 26 zinazobaki, wakati sehemu kubwa ya kila unachotia huliwa na kurudi hewani. Mwaka mmoja wa kazi njema hauwezi kujitokeza kwenye kipimo hicho, na sampuli iliyochukuliwa hatua tatu kando inaweza kutofautiana zaidi ya hapo. Kipime kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Katikati, tumia glasi, bomba na beleshi.